Kamera na Nukta

Mwanafunzi wa fasihi aliyejaliwa ruhusa ya kupiga picha hati za kale katika nyumba moja ya Lamu hana budi, kabla ya kupanda chombo, kuamua achukue kamera gani. Ruhusa ya namna hiyo ni adimu. Wenye nyumba huitoa kwa heshima ya aliyemwombea, kwa siku moja au mbili, na kwa sharti kwamba hati hazitavuka kizingiti. Akisha kuondoka, chumvi ya bahari na mchwa huendelea na kazi yao. Yamkini picha zake ndizo zitakazosalia.

Dukani hupokewa na hesabu. Muuzaji hunadi megapikseli kama anadiye samaki: hii 12, hii 24, ile 50. Megapikseli moja ni vitone milioni moja vya picha. Kamera ya dijitali aliyoiunda Steven Sasson katika kampuni ya Kodak mwaka 1975 ilikuwa na vitone 10,000 tu, na ilichukua sekunde 23 kuandika picha moja katika kanda ya kaseti. Ukurasa wa utenzi usingesomeka kwa kamera ile. Leo megapikseli 24 ni vitone 6,000 kwa 4,000. Ukurasa wa urefu wa sentimita 20 ukiijaza picha hupata vitone 30 katika kila milimita. Nukta ya kalamu ya mwanzi haidai zaidi, na hata 12 zingetosha. Mnada huo, basi, haumfai mnunuzi huyu kwa lo lote.

Kinachomhusu ni nukta yenyewe. Katika Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu, ra na za ni za umbo moja. Za hutengwa kwa nukta moja juu yake. Nukta ikipotea, "kuza" husomwa "kura". Na tundu la mdudu likiangukia juu ya ra huzaa za ambayo mshairi hakuitunga. Mwenye karatasi mkononi huiinua penye mwanga akalijua tundu. Mwenye picha hana ila kile ambacho kamera ilikubali kumpa.

Simu i mfukoni tayari, na haigharimu kitu kipya. Lakini kihisi mwanga chake ni kidogo, na chumba chenye kuta nene za matumbawe na dirisha finyu kina mwanga haba. Simu huufidia upungufu huo kwa hesabu: huunganisha picha kadhaa, hulainisha chembechembe, hukaza kingo. Uso wa bibi arusi hushukuru. Hati haishukuru, kwani programu haijui kutenga chembe ya giza na nukta ya za. Kamera ndogo za mfukoni, nyingi zake, zina kihisi kidogo vile vile, na hapa hazistahili maneno mengi.

Zabaki mbili: ya kioo na isiyo na kioo. Zote mbili huweza kuwa na kihisi cha milimita 36 kwa 24, na zote huhifadhi faili ghafi, yaani picha ambayo programu haijailainisha. Ya kwanza hulipeleka umbo machoni kwa kioo kinachoruka wakati wa kupiga, kwa mlio na mtikisiko mdogo. Ya pili, iliyoanza kuuzwa na Panasonic mwaka 2008, huweza kupiga kimya, jambo la adabu katika nyumba ya watu, ila hula betri upesi. Hata hivyo kamera nyingi za kioo huweza kuonyesha umbo katika kiwambo cha nyuma, kioo kikiwa kimekwisha inuka, na zilizotumika huuzwa kwa bei nafuu. Aliye na fedha za mwanafunzi atachukua hiyo iliyotumika, na kinachobaki akitie katika lenzi ya kupigia vitu vya karibu, kiweko cha miguu mitatu, na taa ndogo isiyo na joto.

Taa hiyo ndiyo shahidi. Kila ukurasa utapigwa mara mbili: kwanza kwa mwanga sawa, kisha kwa mwanga wa ubavuni, ili tundu lionyeshe kivuli chake na wino usiwe nacho. Kurasa 100 ni picha 200 na betri mbili; ya tatu ni kwa siku ambayo umeme wa mtaa hauna habari kwamba nyumba ina mgeni.