Kuuliza Njia Si Ujinga

Leo nataka kusema nanyi habari za safari, maana siku hizi wengi wetu twasafiri kwa motokaa pamoja na jamaa zetu: kwenda harusini, msibani, au kuwasalimu wazee. Mimi ni karani wa parokia hapa Engutoto, Arusha. Kazi yangu ni vitabu vya ubatizo na ndoa, barua na hesabu. Kabla ya hapo nilisomea ualimu, na chuoni mkufunzi wetu wa jiografia alitufundisha kusoma ramani. Kwa hiyo watu wakitaka kwenda mahali wasipopajua, huja ofisini kwangu. Sisemi haya kwa kujisifu. Mtaona mbele jinsi sifa yangu ilivyozama mchangani.

Mwezi wa Septemba mwaka 2019 gari moja kubwa liliingia uani petu. Lilikuwa nyumba yenye magurudumu: ndani mna kitanda, jiko na tangi la maji. Wenyewe walikuwa wazee wawili, mume na mke, kutoka Ujerumani. Sisi watu wa Arusha tumezoea kuona magari ya namna hiyo, kwa sababu mji wetu uko katika ile Barabara Kuu ya Kaskazini, ambayo Waingereza walitamani itoke Cape Town hata Cairo. Mwaka 1924 Chaplin Court Treatt na mkewe Stella, pamoja na wenzao, waliondoka Cape Town kwa motokaa mbili. Walifika Cairo mwaka 1926, baada ya miezi kumi na sita, maana sehemu nyingi hapakuwa na barabara wala madaraja. Tangu siku hizo wasafiri hawajakoma kutupitia.

Wale wazee walikuwa na ramani ya karatasi, kitabu cha kuongoza wasafiri, na simu yenye ramani. Walitaka kwenda Dodoma, kisha Iringa na Mbeya. Kitabu chao kiliwaambia wasipite Kondoa, eti barabara ni ya udongo na huharibika sana wakati wa mvua. Heri wazunguke kwa Chalinze na Morogoro, safari ambayo ni karibu maradufu. Nikawaambia, “Kitabu chenu kimepitwa. Barabara ya lami kutoka Dodoma hadi Babati, kilometa 251, ilifunguliwa mwaka 2018.” Yule mzee akafurahi, akatoa kalamu ya risasi, akaandika maneno yangu pembeni mwa ukurasa.

Lakini hakutosheka. Akaenda kumwuliza mlinzi wetu swali lile lile. Kisha akamwuliza mama auzaye ndizi langoni. Mlinzi alimwambia mahali pa kupata dizeli safi, na mama wa ndizi, ambaye kwao ni Babati, alimwambia mahali pa kulala kwa salama na kujaza maji. Yote akayaandika. Mimi nilicheka moyoni. Nilijisemea, “Mtu huyu ana ramani tatu, naye amejibiwa na karani aliyesoma, anatafuta nini kwa muuza ndizi?”

Miezi mitatu baadaye nilipata jibu.

Mdogo wangu wa kike ni mwalimu wa shule ya msingi katika kijiji kimoja cha upande wa Kondoa, mbali kidogo na barabara kuu. Ndoa yake ilipangwa Jumamosi, tarehe 28 Desemba 2019, saa nane mchana. Nilikodi gari aina ya Noah, tukawa watu wanane: mama yetu mzazi, mjomba, mke wangu, watoto wetu watatu, dereva na mimi. Nilitazama simu, ikaniambia kwamba safari yote ni saa tano. Basi nikapanga tuondoke saa kumi na mbili asubuhi, tufike saa tano, tupumzike na kuoga. Mdogo wangu alinipigia usiku wa kuamkia safari, akasema, “Kaka, mkifika Kolo msiiache lami. Nipigie kwanza, nimtume mtu awapokee.” Nikamjibu asihangaike, njia naiona yote mkononi.

Simu ilipohesabu saa zake haikujua kwamba mtoto mdogo atatapika Makuyuni, wala kwamba mama atataka kununua mchele Magugu wa kupeleka harusini. Tuliondoka saa moja na nusu badala ya saa kumi na mbili. Tulipoipita Babati, tukapanda Bonga, tukafika Bereko na hatimaye Kolo, ilikuwa imekaribia saa saba. Hapo simu ilinionyesha njia ya mkato ya kilometa 14 tu. Nilipotaka kumpigia mdogo wangu sikumpata, maana mtandao ulikuwa umekatika. Nikamwambia dereva akate.

Penye njia panda alikuwapo mzee mmoja akichunga mbuzi. Mama akasema, “Mwanangu, simamisha umwulize yule mzee.” Nikajibu, “Mama, tumechelewa, na simu inaona kuliko yeye.” Mjomba akanitazama, akanyamaza. Tukampita mzee wa watu tukimwachia vumbi.

Kwanza njia ilikuwa nzuri. Halafu ikawa nyembamba, tukatelemka bondeni, na mbele yetu tukaona mto wa mchanga, mpana kama uwanja wa mpira, mkavu kabisa. Alama za magurudumu zilikuwapo. Dereva akaingia. Tulipofika katikati magurudumu yakazama hata gari likalala kwa tumbo. Nikatazama simu. Picha ya ramani ilikuwa imefutika. Ilibaki nukta ya buluu katikati ya weupe mtupu. Simu ilijua tulipo, lakini haikuwa na neno la kutusaidia.

Tukaanza kuchimba mchanga kwa mikono na sahani. Mara tukasikia sauti. Alikuwa yule mzee wa mbuzi, anakuja mbio na fimbo yake. Alipotuona tunaishika njia ile alimwachia mjukuu wake mifugo, akatufuata. Hakutusalimu. Alisema, “Toeni watoto! Toeni mama! Hamwoni milima ile?” Tukatazama. Hapa kwetu jua lilikuwa linawaka, lakini milima ya juu ilikuwa imefunikwa na wingu jeusi. Mvua ilikuwa inanyesha huko, na maji yake yalikuwa njiani.

Nilimbeba mama mgongoni. Mke wangu na mjomba waliwachukua watoto. Mzee akapiga ukelele, vijana wakaja na maksai wanne na minyororo, wakalivuta gari kurudi nyuma tulikotoka. Hazikupita dakika ishirini, tukasikia mvumo kama wa lori. Maji yakaja mekundu, yamebeba magogo na matawi, yakaujaza ule mto kutoka ukingo hata ukingo. Mtoto wangu wa kwanza akaniuliza, “Baba, tulikuwa pale?” Nikashindwa kumjibu.

Yule mzee alitwonyesha njia ya pili, yenye daraja, ndefu kuliko ile ya kwanza. Tulifika kijijini saa kumi na mbili jioni. Ndoa ilikuwa imekwisha kufungwa. Nikaambiwa kwamba mdogo wangu aliomba wangoje, wakangoja saa nzima, kisha ikabidi waendelee. Katika benchi la mbele waliacha nafasi ya mama, nayo ikabaki tupu. Mama alimkumbatia binti yake, wakalia pamoja. Mimi hakunilaumu mbele ya watu. Usiku tu, tulipokuwa tunawalaza watoto ndani ya gari kwa kukosa vitanda, aliniambia kwa upole, “Mwanangu, mdomo nilikuzaa nao.”

Ndugu msomaji, tangu siku hiyo nimejifunza upya somo la ramani. Nakuomba ulisikie nawe, usije ukalipia ada kama yangu.

Ramani haikusema uongo. Ramani nyingi za simu hupata njia za vijijini kwa mtu anayekaa mbali na kutazama picha zilizopigwa kutoka juu angani, akichora kila alama ya magurudumu anayoiona. Ikiwa picha ilipigwa kiangazi, mto wa mchanga huonekana kama uwanja mkavu. Nchi ya Kondoa imejaa mito ya namna hiyo, maana udongo wa vilima vyake ulichukuliwa na maji kwa miaka mingi. Ndiyo sababu serikali ilianzisha mradi wa HADO mwaka 1973, hata mwaka 1979 mifugo ikaondolewa sehemu zilizoharibika ili ardhi ipumzike. Mwenyeji ayajua hayo. Mchoraji aliye mbali atayajuaje?

Wala nisiwadharau wachoraji hao, kwa kuwa kazi yao ni njema. Mwaka 2015 huko Dar es Salaam wanafunzi wa chuo kikuu na wenyeji wa mitaa walianza kazi iitwayo Ramani Huria, wakachora mitaa inayofurika maji. Mwaka huo huo wengine walianza Crowd2Map, kuingiza katika ramani vijiji vyetu ambavyo havikuwamo. Ramani hizo zimewasaidia wanaokwenda kuwaokoa wasichana wanaokimbia kukeketwa upande wa Serengeti. Kwa hiyo ramani yaweza kuokoa maisha, mradi mwenyeji naye atie neno lake.

Sasa mtu akija ofisini kwangu na safari, twafanya hivi. Kwanza twatandaza ramani ya karatasi mezani, tuone nchi yote kwa mara moja. Twatazama kipimo chake: katika ramani ya serikali ya 1:50,000, sentimeta moja ni nusu kilometa, katika ile ya 1:2,000,000, sentimeta moja ni kilometa 20, na hapo kijito chako hutakiona kamwe. Kitabu cha wasafiri twakisoma pia, lakini kwanza twatazama mwaka kilipochapwa. Ya pili, twahifadhi ramani ndani ya simu tukiwa bado mjini. Simu husikia setilaiti hata pasipo mtandao, ndiyo maana ile nukta ya buluu haikupotea. Lakini picha ya ramani hupotea usipoihifadhi mapema. Ya tatu, na ndiyo kubwa, twampigia mtu wa huko: katekista, mwalimu au mtendaji wa kijiji. Twamwuliza, “Mvua imenyesha? Daraja lipo? Gari dogo linapita?” Tena si mtu mmoja, bali wawili au watatu, kama yule mzee Mjerumani.

Majibu yote twayaandika katika daftari: majina ya vituo kwa utaratibu, kilometa zake, mahali pa mafuta, pa maji, pa zahanati na pa kulala. Saa za simu twaziongeza nusu yake, kwa ajili ya watoto na wazee. Na daftari anashika mtu mwingine, si dereva. Hata mashindano ya magari ya Afrika Mashariki, yaliyoanza mwaka 1953, yalikuwa na mmoja wa kuendesha na mwingine wa kusoma njia. Ikiwa mabingwa hawakuona haya kusaidiana, sisi ni nani?

Sasa neno moja kwenu mnaokaa vijijini kando ya njia, maana ninyi ndio ramani ya wasafiri. Tuna desturi ya kumjibu mgeni, “Si mbali, ni hapo tu,” ili tumtie moyo. Ni adabu, lakini yaweza kumponza. Mwambie kweli: “Kuna mto, juzi ulijaa, gari lako halitapita, zunguka kule.” Nawe ukimwona mtu aliyejaa haraka anakupita na kukuachia vumbi, usimwache aangamie. Yule mzee wa mbuzi hakuniacha, ingawa nilistahili.

Mwaka uliofuata nilimpelekea mzee huyo blanketi na sukari. Nilifika kwa njia ya daraja. Alicheka aliponiona, akaniuliza kama simu yangu haijambo. Nikamwambia haijambo, ila sasa imepata mwenzake.

Ramani ya karatasi bado ipo ofisini, ukutani, juu ya vitabu vya ndoa. Pale mto ule unapokatiza njia nimeandika maneno mawili kwa kalamu ya risasi, nami huwaonyesha watu wote wanaokuja: “Uliza hapa.”