SAA YA KUSALI INAPOFIKA NA HUNA MANENO



Leo nina jambo la kukuungamia. Mama yangu alipolala katika Bwana, nilikaa karibu miezi minne nisiweze kuomba nikiwa peke yangu. Madhabahuni niliomba, na watu wakasema Amina. Lakini usiku, nikipiga magoti kando ya kitanda, hakuna neno lililotoka. Mke wangu pekee ndiye aliyejua.

Na ni mimi niliyekuwa nikihubiri kwamba maombi ya kusoma kitabuni yamekufa, kwamba aliyejazwa Roho hahitaji kuandikiwa maneno. Mungu anajua kumnyenyekeza mtumishi wake.

Wakati huo nilikuwa naandaa somo la Danieli, aliyepiga magoti mara tatu kwa siku akielekea Yerusalemu (Danieli 6:10). Nikaanza kusoma jinsi Wayahudi wanavyoomba hadi leo. Myahudi anayeshika sheria ana maombi matatu kila siku: Shakhariti asubuhi, Minkha alasiri na Maarivi usiku. Akifumbua macho tu, kabla hajashuka kitandani, anamshukuru Mungu kwa kumrudishia nafsi yake. Asubuhi na usiku anakiri kwamba Bwana ni mmoja (Kumbukumbu la Torati 6:4-7). Ombi lao kuu, Amida, huombwa kwa kusimama, miguu imeshikana, midomo ikicheza kwa sauti ya chini. Walimu wao walijifunza hilo kwa Hana, mama yake Samweli (1 Samweli 1:13). Mpendwa, mwanamke aliyedhaniwa mlevi ndiye aliyefundisha taifa zima kuomba!

Minkha ndiyo iliyonigusa kwanza, kwa sababu inamkuta mtu katikati ya kazi. Lazima aache mizani, aache kalamu, asimame mbele za Mungu. Petro na Yohana walipanda hekaluni saa ya kusali, saa tisa (Matendo 3:1). Hatusomi kwamba walingoja kusisimka. Saa ilifika, wakaenda, na kiwete akainuka.

Kisha nikasoma kuhusu Kadishi. Kwa desturi, aliyefiwa na mzazi huisema kila siku kwa miezi 11. Haitaji kifo hata mara moja. Ni kulitukuza jina kuu la Mungu tu. Na haisemwi peke yako. Ni lazima wawepo watu wazima kumi, na kwa desturi ya kale ni wanaume waliofikisha miaka 13. Mfiwa anasema, wenzake wanaitikia Amina. Nililia hapo. Sheria hiyo haimwachi mwenye msiba chumbani na Mungu wake. Inamtoa nje, imtafutie watu.

Nikawaita wazee wawili wa kanisa, nikawaambia ukweli. Niliona aibu, lakini hawakunihukumu. Jioni tatu kila wiki walikuja nyumbani. Wao wakaomba, mimi nikasema Amina tu. Na kila siku saa tisa nilifungua Zaburi ya 103 nikaisoma kwa sauti, nikiwa na hamu au sina. Wiki zikapita. Alasiri moja nilimaliza Zaburi, nikafunga Biblia, na nikajikuta bado ninaongea na Baba.

Sikuambii kwamba saa na sheria zinaokoa. Tumeokolewa kwa neema. Hata walimu wa Kiyahudi wa kale walionya kwamba ombi lililogeuka kuwa mzigo wa kutua tu si dua tena, na Bwana Yesu alikataza maneno ya kupayukapayuka (Mathayo 6:7). Lakini neema haikatai ratiba. Ukikauka, saa uliyoweka itakushika mkono mpaka mvua irudi.

Wewe unayesoma haya, labda unaongoza sifa, labda wewe ni mama wa maombi, na chumbani kwako kumenyamaza. Hujatupwa. Chagua saa moja leo. Chagua Zaburi moja, uisome kwa sauti. Kisha mtafute mtu mmoja umwambie ukweli. Kumi wasipopatikana, Bwana ameahidi kuwa pamoja na wawili au watatu (Mathayo 18:20).

Baba, mkumbuke kila aliyekosa maneno leo. Mpe saa, mpe Neno, mpe ndugu wa kusema Amina pamoja naye. Katika jina la Yesu.

Ubarikiwe. Tukutane saa tisa.