Ile karatasi ya kijani

Agosti 2022 nilipiga kura mara yangu ya kwanza. Karatasi sita. Ile nyeupe ya Rais niliisoma kama mtihani. Ile ya kijani, ya mbunge, manze, hadi leo sikumbuki niliweka alama kwa nani. Nilikuwa na haraka ya kutoka nipige picha ya kidole chenye wino.

Wiki hiyo sote macho yalikuwa Bomas. Ruto akabeba Meru kwa mbali, na mimi nikatengeneza video: ramani ya kaunti yote nimeipaka njano, nasema Meru nzima ni UDA. Watu wakaipenda. Siku chache baadaye niko kinyozi hapa Nkubu, mzee mmoja wa kiti cha pili akaniangalia kwa kioo.

“Kijana, si wewe ndiye ulisema sisi ni njano? Haya, mbunge wetu hapa ni wa chama gani?”

Nikanyamaza.

“Jubilee,” akasema, akaendelea kunyolewa ndevu.

Aibu ilinikalisha chini nikahesabu. Meru ina viti tisa vya ubunge. UDA ilipata vitano. Jubilee viwili: huku kwetu Imenti Kusini, na Igembe ya Kati. Imenti Kaskazini Rahim Dawood alipita bila chama, na Tigania Mashariki Mpuru Aburi akapita na NOPEU, chama ambacho najua wengi wenu mnakisikia leo. Gavana naye, Kawira Mwangaza, hakuwa na chama. Na hao ni watu walewale, siku ileile, foleni ileile! Wazee wetu hawakufuata rangi. Ni mimi nilifuata.

Lakini kuna kitu kilikuja kuniuma zaidi. Matokeo ya Bunge lote yalipoisha kuhesabiwa, Azimio walikuwa na wabunge 171, Kenya Kwanza 165. Jubilee ilikuwa ndani ya Azimio, kwa hivyo kiti chetu kilikuwa kwa hao 171. Oktoba Spika Wetang’ula akaamua kwamba wabunge 14 wa vyama vidogo wako upande wa Kenya Kwanza. Hesabu ikawa 179 kwa 157. Hakuna aliyerudi kwa foleni. Februari 2025 Mahakama Kuu ikasema uamuzi huo haukuwa na msingi, na siku chache baadaye Spika akasimama Bungeni akasema Kenya Kwanza bado ndio wengi.

Sisemi kuungana ni dhambi. Mwezi huohuo Ujerumani walipiga kura, CDU/CSU wakaongoza na viti 208 kati ya 630, hawakutosha. Wakakaa na SPD, wakaandika mkataba, na wanachama wa SPD wakaupigia kura kabla serikali iundwe. Mtu wa kawaida aliweza kuusoma. Sisi tulisomewa.

Na bado siwezi kulalamika sana, kwa sababu aliyechukua kura yangu ya kijani simjui hata mimi.

Matokeo ya mbunge huandikwa kwa Fomu 35A, na nakala hubandikwa palepale kituoni. 2022 niliondoka kabla ibandikwe. Tarehe 10 Agosti 2027 nitangoja hadi usiku niipige picha. Kidole kitasubiri.