Siasa au Kimataifa?

Nilipotea kidogo, mazoezi ya kufundisha yalinibana ile mbaya. Leo nina kesi ya mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo. Kamaliza fomu siksi, HGL yake safi, sasa kakwama kati ya sayansi ya siasa na uhusiano wa kimataifa. Ada analipa mjomba, na mjomba keshasema: kimataifa, basi. Yeye akilisikia jina hilo anaona suti, ndege na ubalozi. Akisikia siasa anaona mabomu ya machozi.

Mimi si mnajua ni mwalimu mtarajiwa, mtu akiniuliza kitu natafuta mfano kwanza. Nikamwambia achukue Burundi. Mwaka 1993 Rais Ndadaye aliuawa miezi mitatu na kidogo tu tangu aapishwe, vita ikawaka. Mtu wa sayansi ya siasa ataingia ndani ya nyumba: jeshi lilikuwa mikononi mwa nani? Kwa nini katiba ya 2005 iliweka mgao, serikalini Wahutu wasizidi asilimia 60 na Watutsi 40, na jeshini kabila moja lisipite nusu? Mtu wa kimataifa atasimama uani na majirani. Kwa nini waliiwekea Burundi vikwazo baada ya mapinduzi ya Buyoya 1996? Wakimbizi waliojaa Kigoma waliisukumaje Tanzania? Na Nyerere alipofariki 1999, kwa nini usuluhishi ukaenda kwa Mandela, ambaye nchi yake haipakani hata na Burundi?

Bi mdogo akacheka. "Kaka, mbona vyote navitaka?"

Basi aanze na siasa, ndiyo rai yangu. Vyuo vingi vinafundisha uhusiano wa kimataifa kama tawi la sayansi ya siasa, kwa hiyo ataupata humo humo. Halafu utaelewaje serikali imesaini mkataba kwa nini kama hujui huko nyumbani kwake inamwogopa nani? Kimataifa aje kusoma shahada ya pili. Chuo cha Diplomasia pale Kurasini kipo tangu 1978, kilianzishwa na Tanzania na Msumbiji, hakikimbii. Ila Kifaransa aanze sasa hivi, tena leo.

Mjomba nilimpigia nikamtolea mfano wa Dk. Salim Ahmed Salim: balozi nchini Misri 1964 akiwa na miaka 22, digrii zikaja baadaye. Mzee akanijibu kwamba zile zilikuwa enzi za uhuru, watu wenyewe wachache, leo hata karani wa ubalozini ana digrii. Hapo kanibana, siwezi kubisha. Ila hata hiyo digrii ya kimataifa anayoitaka wanaigombea wengi, na nafasi za ubalozini zinahesabika.

Dirisha la maombi linafungwa Ijumaa. Tangu jana mjomba hapokei simu yangu.