Gigabaiti 60 kutoka Tabora

Nilikuwa nahangaika na kitu kimoja tu: kopi.

Mwaka jana diski yangu iligoma kusoma, ikaondoka na mahojiano ya wazee wanne. Wawili wameshafariki. Basi zilizobaki, sauti, picha na video, gigabaiti 60 hivi, nikasema lazima kopi yake iwe nje ya Tabora.

Bwana wee! Intaneti ya nyumbani kwangu, siku ikiamka vizuri, hupandisha nusu megabiti kwa sekunde. Nikapiga hesabu: siku 11 usiku na mchana, bila kukatika. Na inakatika. Video imefika asilimia 90, umeme unazima, inaanza upya. Usiku wa tano nikachomoa modemu nikalala.

Jumamosi nikaenda Kwihara, kwenye tembe la Livingstone (nimekulia hapa, lakini mara ya mwisho kufika nilikuwa shule ya msingi!). Mzee yule naye alikuwa na tatizo langu. Alinakili vijidaftari vyake vya safarini kwenye daftari moja kubwa, akalifunga kwa lakiri, na mwaka 1872 akampa Stanley alipeleke. Stanley aliondoka Kwihara Machi 14, akafika Bagamoyo Mei 6. Siku 53. Njiani, wakivuka mto uliofurika, mpagazi aliyebeba sanduku la karatasi za Livingstone kichwani aliingia kwenye shimo, nusura azame. Stanley akamwelekezea bastola: akiliangusha, anapigwa risasi. Stanley mwenyewe alilisimulia kitabuni kama jambo la kujivunia. Mimi nilibaki namuwaza mpagazi, maji shingoni, mtutu usoni, na vilivyomo sandukuni havikuharibika.

Jumatatu nikanunua diski ndogo, nikahamishia kila kitu, nikaizungushia nailoni na kipande cha kitenge, nikamkabidhi kondakta wa basi la Dar. Saa 14 barabarani. Pigeni hesabu wenyewe: ni karibu megabiti 10 kwa sekunde, mara 19 ya intaneti yangu! Faili fupi za sauti bado nazipandisha mtandaoni usiku, polepole, zisitegemee basi peke yake.

Dada akapiga simu kuwa mzigo umefika. Nikamwambia asiishie kuona majina ya mafaili, afungue matano, ayasikilize. Akanyamaza. Kisha nikasikia kwenye simu mzee mmoja wa Isevya akikohoa, akiomba maji kabla hajaanza kusimulia.