Majibu Yaliyoandikwa Mara Moja

Nilijifunza kazi Kariakoo, katika karakana ya kompyuta mpakato zilizotumika. Zilikuja kwa makontena kutoka Ulaya, diski zikiwa zimefutwa. Ilikuwa kabla ya kebo ya SEACOM kuanza kazi kwenye pwani yetu Julai 2009. Intaneti tuliyokuwa nayo ilipitia setilaiti, ghali na ya kusuasua, kwa hiyo mfumo endeshi ulikaa kwenye CD. Fundi aliyekuwa na CD nzima, isiyo na mikwaruzo, hakukosa kazi.

Ugumu ulikuwa kwenye maswali. Programu ya usakinishaji huuliza lugha, mpangilio wa kibodi, saa za eneo, namna ya kuigawa diski, jina la mtumiaji na nywila. Kwa mashine moja si neno. Kwa darasa zima, fundi hushinda mbele ya vioo akijibu yaleyale, na mafundi watatu wakigawana kazi, hutoka mashine za aina tatu. Baadaye mwalimu hupiga simu kueleza kwamba programu iliyomo kwenye kompyuta ya kwanza haimo kwenye ya tano, na wanafunzi wanaigombania ile moja.

Fundi mkuu wetu, tuliyemwita Mzee tu, ndiye aliyenionyesha njia nyingine. Alichukua ThinkPad ambayo kiendeshi chake cha CD kilikuwa kimekufa, akachomeka waya wa mtandao, akaiwasha na kubonyeza F12.

"Mzee, hiyo haina kitu ndani," nikamwambia.

"Haina kitu, binti yangu, lakini kuuliza inajua. Tazama."

Kadi ya mtandao hubeba programu ndogo iitwayo PXE, ambayo Intel ilitoa toleo la 2.1 la kanuni zake Septemba 1999. Mashine ikiwashwa hutangaza swali kwa kila kilichounganishwa kwenye mtandao ule: nani atanipa anwani, na faili la kuanzia liko wapi? Seva ya DHCP hujibu. Mashine hulivuta faili hilo kwa TFTP, faili hilo nalo huvuta kerneli, na usakinishaji huanza kwenye kompyuta ambayo dakika moja kabla haikuwa na kitu. Nilipoanza kusoma nyaraka za kiufundi niliona msingi huu ni wa zamani: BOOTP iliandikwa na Bill Croft na John Gilmore mwaka 1985, na DHCP ya Ralph Droms ilijengwa juu yake miaka ya 1990. Kusoma nyaraka zile kulinibadilisha. Mashine ilipogoma sikuizima na kuiwasha tena nikiomba heri. Nilijua imefika swali la ngapi, na nani hakujibu.

Nilijua pia kwa nini hatua moja huchelewa. TFTP ya asili hutuma kipande cha baiti 512, husubiri kuambiwa kimefika, ndipo itume kingine. Faili la megabaiti 30 hukatwa vipande karibu 60,000, na kila kimoja kina kungoja kwake. Ndiyo maana nilipoipata iPXE, iliyoanza mwaka 2010, niliishika. Hiyo huomba mafaili kwa HTTP, na darasa zima linaweza kuvuta kwa pamoja bila kukwama.

Lakini kasi si jambo kubwa kuliko yote. Jambo kubwa ni faili la majibu. Debian, mfumo endeshi wa Linux, huruhusu maswali yote ya usakinishaji yajibiwe kabla, kwenye faili moja la maandishi ya kawaida: mstari mmoja unasema Africa/Dar_es_Salaam, mwingine unataja kibodi, mwingine programu za darasani. Kila mashine hulisoma faili hilohilo, na zote hutoka sawa. Mwanafunzi anayekaa nyuma hupata kompyuta ileile ya anayekaa mbele. Kwangu hiyo ni haki, na ndiyo iliyonifanya niipende kazi hii.

Microsoft ilipoacha kuihudumia Windows XP, Aprili 8, 2014, shule zilituita kuhudumia mashine zilizokuwa bado na nguvu ya kutosha kuendesha Linux. Tulikwenda na kompyuta yetu moja kama seva, swichi na mafurushi ya waya. Mtandao wa shule hatukuugusa: programu ya dnsmasq inaweza kuiacha ruta ya wenyeji iendelee kugawa anwani, yenyewe ikaongeza tu habari ya faili la kuanzia. Juu ya seva tuliweka apt-cacher-ng, ambayo huhifadhi kila kifurushi kinachoshushwa. Mashine ya kwanza ikishavuta kutoka intaneti, nyingine zote huchukua hapohapo chumbani. Shule inayonunua intaneti kwa bando ilijaza darasa zima kwa gharama ya mashine moja.

Kuna sharti moja nisilolivunja. Faili la majibu linaweza kufuta diski bila kumwuliza mtu, kwa hiyo chaguo la kwanza kwenye menyu yangu huwa ni kuwaka kutoka diski ya ndani. Asiyegusa kitu hapotezi kitu. Usakinishaji lazima uchaguliwe kwa mkono, kwa sababu katika mashine ya ofisini mna maksi za muhula mzima.

Kompyuta zimebadilika. UEFI ilichukua nafasi ya BIOS kama programu ya ndani ya mashine, nayo hutaka faili jingine la kuanzia. Seva huzitofautisha kwa namba ambayo mashine hutuma katika ombi lake la DHCP: 0 kwa BIOS ya zamani, 7 kwa UEFI ya biti 64. Secure Boot nayo hukataa programu isiyo na sahihi inayoitambua, kwa hiyo tunatanguliza shim, programu ndogo ya kuanzia iliyotiwa sahihi ya Microsoft. Mpakato nyembamba hazina tundu la waya. Tunatumia adapta ya USB, ile ambayo programu ya ndani ya mashine inaitambua kabla mfumo haujaamka. Mengine yote yamebaki yaleyale.

Mzee alistaafu, na vijana wake ndio ninaofanya nao kazi leo. Faili la majibu analolitumia mmoja hutumiwa na wote. Anayeona dosari huirekebisha, na mashine zote zinazofuata hupata marekebisho hayo. CD ya zamani ilifungiwa kabatini ili mwingine asiipate. Faili hili tunawaachia walimu pamoja na maelezo, ili kompyuta ikiharibika wasitungoje. Kijana anayeomba kazi kwetu simwulizi ameshasakinisha mashine ngapi. Namwomba aandike faili la majibu, kisha anieleze sababu ya kila mstari. Akiweza kunieleza mimi, ataweza kumweleza mwalimu, na shule ile haitakuwa mateka wa fundi.