Gari bovu nililonunua mnadani



Leo sina habari ya shela wala ya kupima gauni. Nataka kuwasimulia gari bovu la rimoti nililonunua mnadani kwa shilingi 12,000, na kwa nini mwanamke mzima, mwenye duka na mafundi wawili, alikaa jioni nyingi sakafuni na bisibisi mkononi akihangaika na kitu cha kuchezea watoto. Nawasimulia hasa nyinyi mnaoolewa na mwanamume mwenye mtoto. Mwenzenu nilifundwa kila kitu, nikafundwa kupika, kujisinga, kuzungumza na mume akiwa amekasirika. Lakini somo wangu hakunifunda namna ya kuingia kwenye nyumba ambayo mtoto wake bado anamngoja mtu mwingine.

Mimi ni mzaliwa wa Unguja. Nilisoma mpaka kidato cha nne, nikafanya kozi ya ushonaji, nikashona nguo za maharusi miaka kadhaa kabla ya kuolewa Singida. Ukitoka pwani, Singida inakushangaza. Mawe makubwa yamepandana kama mtu aliyapanga kwa mkono, ziwa Singidani liko palepale mjini na maji yake yana chumvi, na upepo hauna adabu hata kidogo kwa aliyevaa mtandio mwepesi. Biashara lakini, alhamdulillah, ipo. Maharusi hawakosekani popote.

Mume wangu alifiwa na mkewe wa kwanza, akaachiwa mtoto wa kiume ambaye nilipoingia alikuwa na miaka kumi. Majirani wanamwita yatima, ingawa masheikh wanatufundisha kuwa yatima ni aliyefiwa na baba kabla ya kubaleghe. Mimi naona aliyefiwa na mama naye alistahili kupewa jina lake.

Mwezi wa kwanza wa ndoa yangu Ramadhani ilikuwa inakaribia, nikafanya usafi wa nyumba nzima. Chini ya kitanda cha mtoto nilikuta makopo, vipande vya ndala, na rundo la waya lililopinda. Nikakusanya, nikatupa kwenye shimo la taka, nikawasha moto. Lile rundo la waya lilikuwa gari. Mnayajua yale magari ya watoto, waya umekunjwa ukawa bodi, magurudumu ya ndala, na usukani mrefu wa kusukumia. Ndani lilikuwa na kiti kidogo cha kitambaa cha kanga. Nilikiona kile kitambaa, dada zangu, mimi ambaye kazi yangu ni vitambaa, na bado nikakitupa.

Aliporudi kutoka madrasa alilitafuta. Hakulia. Usiku mume wangu akaniambia kuwa mama yake ndiye aliyekaa naye kulitengeneza, alipokuwa anaumwa na hawezi tena kwenda shamba, na kile kiti alikikata kwenye kanga yake mwenyewe.

Asubuhi nilimwomba radhi mtoto. Akasema, "Sawa." Basi tangu siku hiyo ikawa sawa tu. Chakula kipo mezani, sawa. Sare nimeipiga pasi, sawa. Shikamoo ananipa kwa sababu baba yake anataka, na salamu anaitikia kwa sababu dini inataka. Miezi sita ikapita hivyo.

Siku ya mnada nilikwenda kutafuta vifungo. Nikapita kwa muuza midoli ya mitumba, ile inayokuja imefungwa kwenye belo, na katikati ya vidubwana visivyo na macho nikaona gari. Urefu wake kama sentimita 40, bodi ya plastiki ngumu iliyokuwa nyeupe zamani, matairi ya nyuma mapana yenye miiba, na ndani dereva nusu mtu aliyevaa kofia ya mbio. Rimoti yake ilikuwepo, imefungwa nayo kwa kamba, antena imevunjika. Betri hakuna, chaja hakuna. Muuzaji alitaka 25,000. Nikamuuliza kama linatembea, akasema, "Dada, kwani lina miguu?" Tukamalizana 12,000.

Mume wangu alipoliona alisema, "Hiyo hela ungeongeza kidogo ukanunua kuku, na kuku unamla." Kwa Singida hiyo ni hoja nzito. Lakini hakunikataza, kwani hela ilikuwa ya mfuko wangu na analijua hilo.

Nililipeleka kwa fundi redio wa karibu na duka langu. Akaligeuza, akasoma jina TAMIYA, akatafuta kwenye simu yake na kuanza kucheka peke yake. Gari lile linaitwa Grasshopper, yaani panzi, na lilitoka kwa mara ya kwanza mwaka 1984. Limenitangulia kuzaliwa! Tamiya ni kampuni ya Shizuoka, Japani, na magari yake ya namna hii huuzwa yakiwa vipande vipande kwenye boksi, mwenye kununua anajiunganishia nyumbani. Mwaka 2005 waliyatoa tena ya aina hiyohiyo, kwa sababu waliokuwa watoto miaka ile walikuwa wamekua na wakawa bado wanayataka.

Hilo la kuunganishwa kwa mkono lilinipa moyo. Kitu kilichofungwa kwa skrubu na mtoto wa Japani, na mimi nitakifungua. Fundi akaniambia mambo ya umeme niyaache kwake, mengine nikafanye nyumbani. Akanionesha palipo na kazi. Mota inakaa nyuma pamoja na gia, na ndiyo inayozungusha magurudumu ya nyuma peke yake. Ni mota ndogo, ya aina wanayoiita 380. Kuna ndugu yake aliyetoka mwaka uleule wa 1984, anaitwa Hornet, yaani nyigu, huyo alipewa mota kubwa zaidi ya 540. Fundi alifurahi kwamba letu ni panzi, maana mota ndogo haina njaa kubwa ya umeme. Betri yake ya asili ilikuwa ya volti 7.2, yeye akachukua seli mbili nzima kutoka kwenye betri ya zamani ya kompyuta, kila moja volti 3.7, akaziunganisha zikafuatana, ikawa 7.4. Akanikanya kwamba betri hiyo isichajiwe watu wamelala, na mimi nawakanya nyinyi vilevile.

Nyumbani nilitandika mkeka sebuleni nikaanza. Kwa makusudi nilikaa mahali ambapo mtoto lazima apite akitoka chumbani. Bisibisi za cherehani zilitosha skrubu zote ila mbili. Ndani ya rimoti betri za zamani zilikuwa zimevuja, shaba zake zimeota ukungu wa kijani, nikazipaka maji ya ndimu, nikasugua kwa mswaki mkuukuu, nikafuta na kuzikausha. Rimoti hiyo inakula betri nane ndogo, na ilipowaka taa nyekundu nilipiga kigelegele peke yangu. Mtoto alipita. Akatazama, akaenda zake.

Sasa sikilizeni ujinga wangu. Bodi ilikuwa na madoa, nami nina chupa ya asetoni ya kufutia rangi za kucha za maharusi. Nikamimina kwenye pamba, nikafuta. Stika ikatoka, nikafurahi. Halafu plastiki yenyewe ikaanza kunata, ikafifia, ikafanya kama uji uliopoa. Nikabaki na pamba imegandia kwenye bonneti. Asetoni inayeyusha plastiki ya namna ile, nami nilikuwa sijui.

Nilipoinua macho alikuwa amesimama mlangoni. Sijui alikuwa hapo muda gani. Nilichofikiria ni kwamba mtoto huyu sasa ameniona nikiharibu gari mara ya pili. Nikasema, kwa sauti ya kujitetea, "Basi, limeshaharibika hili," nikalisogeza pembeni na mavi ya pamba.

Akasema, "Usiitupe."

Hilo ndilo neno la kwanza alilonipa bila mimi kumuuliza kitu, tangu nililipochoma lile la waya. Nikamjibu kwamba sitaitupa. Akakaa kwenye ncha ya mkeka, mbali nami, akachukua bodi na kuanza kuibandua pamba kwa kucha, uzi mmoja mmoja. Kesho yake aliipiga msasa mwenyewe kwa maji na sabuni mpaka ikawa laini, ingawa haikung'aa tena. Mpaka leo bonneti ina kovu.

Kuanzia hapo mimi nikawa msaidizi. Matairi ya nyuma yalikuwa yamekauka na kupasuka, nikasema tutaagiza mengine, akanitazama kama fundi anavyomtazama mteja mwenye haraka. Akaleta ndala zake mbovu, akakata duara nne, akazigundisha mbilimbili kwenye kila rimu kwa gundi ya viatu, halafu akazungushia ukanda wa mpira wa ndani wa baiskeli. Ukanda ulikuwa unateleza. Hapo nikapata kazi, nikaushona kwa uzi wa nailoni na sindano ya ngozi, mshono wa kurudi nyuma, ule tunaoutumia kwenye mkanda wa begi. Springi za mbele tulizisugua kutu na kuzipaka mafuta ya cherehani. Grisi ya gia alipewa bure na fundi baiskeli. Nilishona pia kifuko cha kitambaa cha mwavuli cha kufunikia kile kiboksi kinachopokea mawimbi, kwa sababu ya vumbi.

Fundi redio naye alikuwa ameweka antena ya redio mbovu kwenye rimoti, na kuunga waya wa antena wa kwenye gari urefu uleule wa mwanzo, maana alisema ukiukata mfupi gari halisikii kwa mbali. Kasi ya panzi huyu inaendeshwa na kimkono kidogo kinachotembea juu ya vipande vya shaba, shaba zilikuwa nyeusi, akazipiga msasa. Na kuna kipande cheupe cha kauri kinachopata moto gari likienda taratibu. Alimwonya mtoto asikiguse. Alikigusa, bila shaka.

Tukalijaribu mbele ya duka baada ya Alasiri. Mtoto akasukuma kijiti mbele, gari likarudi nyuma kwa nguvu likaingia chini ya meza ya muuza vitunguu. Nyaya mbili za mota zilikuwa zimegeuzwa. Fundi akazibadilisha, na mara ya pili panzi akaenda mbele, akaruka ukingo, vumbi likafuka, na kuku wa watu wakakimbia huku na huku. Mtoto alikuwa anakimbia nyuma yake akicheka. Nilikuwa sijawahi kumsikia akicheka. Nilirudi ndani ya duka nikajifanya natafuta sentimita.

Hesabu ya jumla, kwa wale mnaopenda hesabu: gari 12,000, fundi 20,000, seli na chaja 15,000, betri za rimoti 4,000. Jumla 51,000. Wifi yangu aliposikia alisema mke wa kaka yake anachezea magari wakati wenzake wanaweka akiba, na kwamba mtoto hanunuliwi. Neno hilo la mwisho liliniuma kwa sababu lilikuwa na ukweli ndani yake. Nilikuwa nimekwenda mnadani kununua msamaha. Ule sikuupata kwa muuza midoli, na mtoto hajawahi kunitamkia mpaka leo. Hata "mama" haniiti, ananiita Anti, nami naitika.

Lile gari sasa halitembei. Mwezi uliopita liligonga jiwe kando ya ziwa, mkono wa mbele ukavunjika. Kipuri kinapatikana nje, kwa vile waliyatoa upya, na tunachanga pole pole. Wakati tunasubiri, mtoto ameanza kukunja waya. Anatengeneza panzi wa waya, mwenye bawa la nyuma na dereva nusu mtu, na ananiazima koleo langu la kukatia vifungo vya chuma bila kuomba.

Juzi usiku alikuja dukani nikiwa nafunga. Mkononi alikuwa na kitambaa kimekunjwa kidogo sana, kama mtu anavyokunja noti. Akakifungua juu ya meza ya kukatia. Kilikuwa kipande cha kanga, pindo jeusi na nyekundu iliyopauka, kimechanika upande mmoja. Alikuwa nacho siku zote, kwenye begi la shule.

"Anti, kinatoka nyuzi," akasema. "Nataka kiwe kiti."

Nikamuuliza nikate kiasi gani. Akasema nisikate, nikunje tu. Mashine ingekila kitambaa kikuukuu namna ile, basi nikatunga uzi mweusi kwenye sindano nyembamba, nikavuta taa karibu, nikakunja pindo dogo kuliko nililowahi kukunja kwenye shela lolote. Yeye alikaa kwenye kigoda akanishikia upande wa pili.